Kikombe cha Chai Juu ya Maji

Ndugu msomaji, Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine utaliona dogo: namna ya kupata kikombe cha chai iliyo chai hasa, wakati mtu yumo safarini melini. Najua wako watakaonung'unika kwamba mwandishi wa safu hii ameishiwa. Mwenye nyumba anadai kodi, watoto wanahitaji sare za shule, nauli haingoji mwisho wa mwezi, naye anatuletea habari za chai! Nakuomba univumilie. Jambo hili lilinitia adabu mimi mwenyewe, tena mbele ya baba yangu mzazi, na tangu siku hiyo sijaweza kuliita dogo.

Baba yangu ni mkulima wa ndizi na kahawa huko Bukoba. Aliletwa Mwanza kwa matibabu, akapasuliwa tumbo, na baada ya majuma matatu daktari akamruhusu arudi nyumbani. Hapo ndipo shida ilipoanza. Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba hulizunguka ziwa kwa kupitia Geita, Biharamulo na Muleba, na mtu mwenye mshono mbichi tumboni hawezi kuhimili kutwa nzima ya matuta na kona. Njia iliyobaki ilikuwa meli: unapanda usiku, unalala, alfajiri uko Bukoba.

Lakini Baba alikuwa hajakanyaga meli tangu mwaka 1996. Msomaji aliye mtu mzima hana haja ya kuambiwa sababu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei mwaka huo, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo. Nilichokijua ni kwamba nyumbani kwetu habari hiyo haikuzungumzwa, na kwamba Baba, kila alipokuwa na safari ya Mwanza, alipanda basi.

Safari hii hakuwa na hiari. Alipanda ngazi ya meli polepole, mkono mmoja begani mwangu na mwingine tumboni, akaketi kitandani, akashika ukingo wa kitanda kwa vidole vyote. Meli ilipong'oa nanga na taa za Mwanza zikaanza kurudi nyuma, hakusema neno. Nilimwuliza kama anataka blanketi, akatikisa kichwa. Nilimwuliza kama anasikia maumivu, akatikisa kichwa. Baada ya kitambo kirefu akasema, "Mwanangu, umebeba chai?"

Naam, nilikuwa nimebeba. Nilijiona mtoto mwema mwenye kufikiri mbele. Kapuni nilikuwa na chupa ya maji ya moto, pakiti ya chai ya vifuko na maziwa ya pakiti. Lakini sikiliza nilivyoiandaa safari hiyo. Maji niliyatia kwenye chupa saa sita mchana, na kwa haraka zangu sikungoja yachemke. Nilipoona mvuke tu nikamimina. Chupa yenyewe juzi yake ilikuwa imebebea supu ya kuku hospitali, na nilikuwa nimeisuuza mara moja tu. Niliyajaza maji nusu, kwa kuwa niliona yanatutosha watu wawili. Ilipofika saa nne za usiku, maji hayo yalikuwa vuguvugu. Nikatumbukiza kifuko, nikangoja, nikakikamua kwa kijiko, nikatia maziwa yaliyokuwa baridi. Kikatokea kitu cha rangi ya maji ya mto wakati wa masika, chenye harufu ya mbali ya kuku.

Baba alionja mara moja. Akakiweka kikombe chini kwa upole, akasema, "Ahsante mwanangu, nimetosheka."

Ndugu msomaji, angalinigombeza ningalistahimili. Adabu ile ndiyo iliyonichoma. Mzee yumo katika usiku mgumu kuliko wote aliopata kuuona kwa miaka mingi, ameomba kitu kimoja tu, nami nimeshindwa kumpa.

Kitanda cha pili yetu alikuwapo mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa ndizi, aliyekuwa akirejea Bukoba baada ya kuuza mzigo wake Mwanza. Alikuwa ameona yote bila ya kutazama, kama wajuavyo akina mama. Akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanigeukia mimi. "Daktari hajamkataza chai?"

"Hajamkataza, Mama."

"Basi mwanangu, lete hicho kikombe."

Akakimwaga, akakisuuza kwa maji ya moto kidogo, akatoa kwenye kikapu chake chupa ya chai na vikopo viwili vidogo, kimoja cha sukari na kingine cha maziwa ya unga. Alipofungua kifuniko, harufu ya tangawizi ikaenea chumba kizima hata mtoto aliyekuwa amelala upande wa pili akageuka. Baba alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa, akanyamaza, akanywa tena. Alipomaliza cha kwanza aliomba cha pili. Na katikati ya kikombe cha pili akaanza kuzungumza.

Alizungumza kwa sauti ya chini hadi usiku wa manane. Alitueleza jinsi jioni ya tarehe 20 Mei 1996 alivyomsindikiza rafiki yake bandarini Bukoba, na jinsi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alivyombebea sanduku hadi ndani ya meli, akamtafutia pahala pazuri pa kuketi. Tangu siku hiyo alikuwa hajamsimulia mtu. Miaka yote hiyo nilidhani Baba anaogopa maji, kumbe alikuwa amebeba sanduku. Alipomaliza kusema alilala, akalala usingizi mzito hadi taa za Kemondo zilipoonekana.

Asubuhi tulipokuwa tukijiandaa kushuka, nilimshukuru yule mama na kumwomba anifundishe siri yake. Alicheka. "Hakuna siri, mwanangu. Chai ya melini hupikwa nyumbani."

Maneno hayo ndiyo mafunzo yote ya makala hii. Yaliyobaki ni maelezo tu, ambayo nimeyakusanya kwa kumhoji mama huyo, kwa kusoma, na kwa kuharibu chai nyingi jikoni kwangu.

MAJI KWANZA

Jambo la kwanza ni maji, na kosa la kwanza la wasafiri wengi ni kudhani kwamba maji ya moto na maji yaliyochemka ni kitu kimoja. La hasha. Jani la chai hutoa rangi, ladha na harufu yake sawasawa linapokutana na maji yanayochemka kweli kweli, yale yanayorukaruka sufuriani. Maji yaliyopungua joto hutoa rangi tu, na mnywaji hudanganyika kwa macho kabla ya kukata tamaa kwa ulimi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine la kuzingatia. Usawa wa bahari, kama vile Dar es Salaam, Tanga au Unguja, maji huchemka yakifikia joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Lakini kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto pungufu. Ziwa Viktoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo msafiri wa ziwani huanza safari akiwa amekwisha poteza nyuzi nne, na kila dakika chupa inapokaa anazidi kupoteza. Ndiyo maana chai ya kifuko, ambayo hutegemea maji ya kumiminwa tu, haitufai sana sisi watu wa maziwa na milima. Desturi ya mama zetu ya kuyachemsha majani pamoja na maji sufuriani haikuwa ushamba. Moto unaoendelea kuwaka chini ya sufuria hufidia kile ambacho urefu wa nchi umekipunguza.

Sasa tuje kwenye chupa. Chupa ya chai hulinda joto, haiongezi joto. Ukiipa maji vuguvugu itakulindia uvuguvugu. Basi fanya hivi: chemsha maji ya kwanza, yamimine yote ndani ya chupa, funga, acha kwa dakika tano. Hayo si ya kunywa. Ni ya kupasha kuta za ndani ili zisinyang'anye joto la chai yako. Yamwage, kisha hapo hapo tia chai inayochemka na uijaze chupa hadi karibu na shingo. Chupa iliyojazwa nusu hupoa upesi kuliko iliyojaa. Nami nilijaza nusu, nikayaona matokeo.

Kuhusu usafi, chupa ya chai iwe ya chai. Kama huna budi kutumia chupa moja kwa supu na kwa chai, ioshe kwa maji ya moto na kijiko cha magadi ya kuokea, uiache wazi usiku kucha, na usisahau kuosha kifuniko na mpira wake, kwani huko ndiko harufu hujificha. Aidha, ukiwa melini usitumie maji ya ziwa ambayo hayajachemshwa, si kwa kunywa wala kwa kusuuzia vikombe. Kipindupindu hakichagui abiria wa daraja la kwanza wala la tatu.

MAJANI

Chai si mgeni wa jana katika nchi yetu. Wajerumani waliipanda kwa majaribio huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Rungwe mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926. Leo chai hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, na hata kwetu Kagera, ambako mashamba ya Maruku hayako mbali na mji wa Bukoba. Mchumaji huinama asubuhi na mapema, akichuma chipukizi moja na majani mawili, moja na mawili, mpaka kikapu kijae. Ukitia jani hilo katika maji vuguvugu, umeitupa kazi ya mtu huyo ziwani.

Majani mengi yatokayo katika viwanda vyetu ni yale ya chembechembe, yaliyopondwa, kuchanwa na kuviringishwa kwa mashine. Chai ya namna hii hutoa nguvu yake upesi. Haihitaji kuchemshwa nusu saa kama baadhi yetu tufanyavyo mpaka ikawa nyeusi kama wino. Dakika mbili au tatu za kuchemka zinatosha. Zikizidi, uchungu hujitokeza na harufu nzuri hukimbia pamoja na mvuke.

Ama kuhusu kipimo, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1980 kanuni yake nambari 3103, inayowaelekeza waonjaji wa chai watumie gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, nao wangoje dakika 6. Usiifuate kanuni hiyo nyumbani, maana imewekwa ili waonjaji waweze kulinganisha chai moja na nyingine, na ukali wake si wa kunywewa na mgonjwa. Inatufundisha jambo moja tu: wanaoijua chai huipima, hawaikadirii kwa macho. Kwa chupa ya lita moja itakayonywewa pamoja na maziwa, vijiko vidogo vinne au vitano vya majani vinatosha kabisa.

Jambo la mwisho kuhusu majani, na hili ndilo wengi husahau: yachuje kabla ya kutia chai katika chupa. Majani yakibaki ndani huendelea kutoa uchungu safari nzima, na ifikapo usiku wa manane utakuwa unakunywa dawa. Kadhalika kifuko cha chai usikikamue kwa kijiko. Kile unachokikamua mwishoni kina uchungu mwingi na ladha kidogo.

MAZIWA, SUKARI NA TANGAWIZI

Nyumbani wengi wetu hupenda chai iliyopikwa pamoja na maziwa. Kwa safari ndefu siishauri. Maziwa yakikaa saa nyingi katika chupa yenye joto linaloshuka huanza kubadilika, na kwa mtu mwenye tumbo bovu hiyo ni hatari, tena mahali ambapo choo ni kimoja na foleni ni ndefu. Fuata njia ya yule mama: beba chai ya rangi chupani na maziwa ya unga mkavu koponi. Wakati wa kunywa, tia kwanza unga wa maziwa kikombeni, ukoroge kwa maji kidogo ya kunywa yaliyo salama na yasiyo ya moto mpaka uwe kama uji mwepesi, ndipo umimine chai. Ukiumimina unga juu ya chai ya moto utapata madonge yanayoelea.

Tangawizi ina tabia yake. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla ya kuchemka yenyewe, huyakatisha maziwa. Sababu ni kwamba ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kimeng'enya hicho hufa kwa kuchemshwa. Basi iponde, itie katika maji tangu mwanzo, ichemke dakika tano au zaidi, kisha ndipo utie majani. Wasafiri wengi huiamini tangawizi kwa kutuliza kichefuchefu cha mawimbi. Hata kwa asiyepata nafuu hiyo, harufu yake huifukuza harufu ya mafuta ya mashine, na hilo peke yake ni msaada. Iliki mbili au tatu na kipande cha mdalasini havina ubaya, ila vyote visizidi jani lenyewe.

Sukari ibebwe kando. Katika chumba kimoja cha meli utakuta mwenye kisukari, mtoto apendaye vijiko vitatu, na mzee ambaye hataki kabisa. Chai iliyotiwa sukari nyumbani imekwisha kumchagua mnywaji wake.

KATIKA MELI ZA WATALII

Pengine baadhi yenu mna kijana anayefanya kazi katika zile meli kubwa za watalii, au mmeziona zikitia nanga Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ndefu na zenye ghorofa nyingi kama mtaa mzima unaoelea. Mtu angedhani kwamba humo, pamoja na fahari yote, chai haiwezi kumshinda mpishi. Kumbe malalamiko ya abiria wapenda chai huko hufanana na yangu ya ziwani. Chakula huandaliwa kwa maelfu ya watu, na maji ya chai hukaa katika mapipa makubwa ya chuma yenye bomba, yakitunzwa yawe ya moto lakini bila ya kuchemka. Abiria hujaza kikombe baridi, huchukua kifuko, hutembea hadi mezani, na ndipo hukitumbukiza. Hapo joto limekwisha kwenda zake.

Baadhi ya kampuni huweka birika la umeme vyumbani, lakini nyingi humkataza abiria kuja na la kwake, kwa kuogopa moto. Msafiri mwenye busara hufanya haya: hukipasha kikombe kwa maji ya moto na kuyamwaga, hutia kifuko kikombeni kwanza, kisha huyafungulia maji juu yake papo hapo kwenye bomba, hukifunika kwa kisahani kwa dakika nne au tano, na maziwa hutia mwisho. Au humwomba mhudumu, kwa lugha ya kiungwana, amletee birika la maji yaliyochemshwa wakati ule ule. Maji ya meli hizo mara nyingi hutengenezwa kutokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, nayo huwa na madini machache. Chai yake hung'aa vizuri, ila ladha yake huweza kuwa nyepesi. Kifuko cha pili hutibu hilo.

Wala tusizitazame meli hizo kama vitu vya dunia nyingine. Karakana ya Meyer ya mjini Papenburg, Ujerumani, inayojulikana leo kwa kujenga meli kubwa za watalii, ndiyo iliyoijenga mwaka 1913 meli tunayoiita Liemba. Ililetwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Wazee waliosafiri nayo siku mbili tatu kutoka Kigoma hadi Mpulungu walijua vyema thamani ya chupa ya chai.

TAHADHARI

Ndugu msomaji, usije ukaniambia kwamba utabeba kijiko cha umeme cha kuchemshia maji, au jiko dogo la mafuta ya taa, ili unywe chai mbichi saa sita za usiku katikati ya ziwa. Moto melini si kama moto nyumbani. Nyumbani mtu hukimbilia uani. Melini uani ni maji. Hakuna kikombe cha chai chenye thamani ya hatari hiyo, na abiria akimwona mwenziwe anawasha jiko chumbani au sitahani, amwambie baharia bila ya haya.

Mimina ukiwa umeketi, na kikombe kiwe mezani au sakafuni, kisiwe mkononi mwa mtu. Jaza nusu na robo tu, kwani meli haitoi taarifa kabla ya kuyumba. Mtoto asipakatwe na mtu mwenye chai ya moto mkononi. Na ikiwa unamhudumia mgonjwa, uliza daktari kabla ya safari. Kwa mfano, anayemeza vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu asivimeze kwa chai, maana chai huuzuia mwili kuyapokea madini hayo vizuri. Avimeze kwa maji, na chai ingoje saa moja au mbili.

KIKOMBE CHA ZIADA

Nimebakiza jambo moja, nalo sikuliona katika kitabu chochote. Yule mama alikuwa akisafiri peke yake. Chupa yake ilikuwa ya lita moja na nusu, na kikapuni mwake mlikuwa na vikombe vitatu. Nilipomwuliza kwa nini alijitwisha mzigo huo wote, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Alisema melini hakosekani mtu mwenye shida ya chai.

Mimi nilikuwa nimepima maji ya watu wawili, nikayatia nusu chupa. Yeye alipima chai ya watu asiowajua. Kama angepima kama mimi, baba yangu angepita usiku ule kimya, na lile sanduku angelibeba hadi kaburini. Sisemi kwamba chai iliponya moyo wake. Kazi hiyo si ya chai. Nasema tu kwamba mtu aliyeshika kitu cha moto mikononi, alichopewa kwa heshima, hupata pahala pa kuanzia kusema.

Basi msomaji wangu, siku utakapopanga safari ya majini, iwe ni kwenda msibani, likizoni, au kumtembeza mama mzaa chema, anza safari yako jikoni. Chemsha maji mpaka yarukeruke. Pasha chupa. Pima majani, uyachuje. Tenga sukari na maziwa. Na unapofunga kapu, tia kikombe kimoja zaidi ya idadi yenu.

Baba anaendelea vizuri. Mshono umepona na shamba amelirudia, ingawa daktari alimwambia apumzike. Juzi alinipigia simu kuniuliza nitakwenda lini kumwona. Nikamwambia huenda mwishoni mwa mwezi, kwa basi.

"Basi la nini?" akaniuliza. "Njoo na meli. Na safari hii upike chai mwenyewe, niionje."

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.